Maswali na Majibu: Kumpima Mgonjwa wa Maradhi Yasiyopona, Pamoja na Wanaomuuguza

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu tiba shufaa, yaani huduma anayopewa mgonjwa wa maradhi mazito ili maumivu na dhiki zake nyingine zipungue, awe bado anatibiwa ugonjwa wenyewe au ameshaambiwa kwamba hautapona, imetuletea barua nyingi kutoka kwa wauguzi, matabibu na ndugu wa wagonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 huhitaji huduma hii, na kwamba asilimia 14 tu ndio wanaoipata. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni uhaba wa dawa na wataalamu, nazo ni za kweli. Barua hizi, hata hivyo, zinaonyesha kwamba mara nyingi mambo hukwama mapema zaidi, pale ambapo hakuna aliyemuuliza mgonjwa anachohitaji. Nimechagua tano.

SWALI: Shikamoo mama mshauri. Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Wodi yetu ya wanawake hupokea wagonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi walioambiwa kwamba mionzi haitawasaidia tena. Kwenye faili tunaandika “ana maumivu” na kumpa mgonjwa dawa aliyoandikiwa. Daktari wetu mpya anataka tupime mahitaji yote ya mgonjwa, lakini zamu ya usiku niko peke yangu na mhudumu mmoja. Nianzie wapi? — Muuguzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuyaacha hayo maneno “ana maumivu”, kwa sababu muuguzi atakayekupokea asubuhi hawezi kujua kutokana nayo kama mgonjwa amepata nafuu au amezidiwa. Anza pia kwa kutoitegemea salamu. Ukimuuliza mama wa makamo kama hajambo, atakujibu kwamba hajambo na anamshukuru Mungu, hata kama hakulala usiku kucha, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa kuwajibu watu. Salamu ipite kwanza, kisha ndipo uvute kiti na kuuliza.

Chombo cha kuulizia kipo, na kimetengenezwa kwa ajili ya mazingira yetu. Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika, APCA, chenye makao yake Kampala, kilitayarisha dodoso lenye maswali kumi tu: saba ya mgonjwa mwenyewe na matatu ya ndugu anayemuuguza. Mgonjwa huulizwa kuhusu siku tatu zilizopita: maumivu yake, kero nyingine za mwili kama kichefuchefu au choo kigumu, wasiwasi wake juu ya ugonjwa, kama ameweza kuwaeleza ndugu au rafiki yaliyo moyoni, kama anaona maisha yake yana thamani, kama ana amani, na kama amepata msaada wa kutosha kupanga mambo ya familia yake. Ndugu huulizwa kama amepewa maelezo ya kutosha, kama anajiamini katika kumuuguza mgonjwa, na ana wasiwasi kiasi gani.

Majibu hutolewa kwa alama kuanzia 0 hadi 5, na asiyejua kusoma hutumia mkono wake. Mwonyeshe ngumi na umwambie kwamba hiyo maana yake hakuna maumivu kabisa. Fungua kiganja na vidole vyote vitano, umwambie kwamba hayo ni maumivu yasiyovumilika. Kisha umwombe akuonyeshe mkono wake. Nimewaona wazee waliokuwa wakisema “kidogo tu” wakiinua vidole vinne bila kusita. Hapa pana mtego ambao huwapata wengi: katika maswali matatu ya mwanzo, 5 ni hali mbaya kabisa, lakini katika yale ya amani, thamani ya maisha na mazungumzo na ndugu, 5 ni hali njema. Kwa hiyo usiyajumlishe majibu kwa haraka ukadhani umepata alama ya mgonjwa.

Uwapo peke yako usiku, uliza mawili ya kwanza, uandike idadi ya vidole na saa. Mengine yanaweza kusubiri mchana. Lisiloweza kusubiri ni kurudi. Ukimpa mofini ya maji, ile dawa kali ya kutuliza maumivu, rudi baada ya saa moja hivi umwombe tena akuonyeshe vidole, kwa maana kipimo kisichorudiwa hakimwambii daktari kama dozi inatosha. Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, na ya wakati wa kulala mara nyingi huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Dawa ya kulainisha choo nayo ianze siku hiyo hiyo, isingojee mgonjwa alalamike. Hofu ya kwamba atakuwa teja ndiyo inayowanyima wengi dawa hii, ilhali hilo hutokea kwa nadra mno kwa mgonjwa anayeitumia kwa maumivu na kwa usimamizi. Uganda iliivuka hofu hiyo zamani: tangu 2004 wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu wameruhusiwa kisheria kuandika mofini, na natamani mamlaka za nchi nyingine za ukanda huu ziutazame mfano huo bila woga.

Utakutana pia na mgonjwa ambaye vidole vyake havipungui hata dozi ikipandishwa. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa ni ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba dawa hufika kwenye sehemu moja tu ya hayo. Kwa wagonjwa wako, sehemu inayosahauliwa zaidi ni harufu. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi anajua kwa nini wageni wake wanakaa karibu na dirisha na kwa nini mume amepunguza kuja, lakini hatalitaja hilo mpaka aulizwe, na hataulizika mbele ya wifi yake. Waombe ndugu watoke kidogo, vuta pazia kama lipo, na umuulize kwa sauti ya chini kama kuna uchafu au harufu inayomkera. Vidonge vya metronidazo vilivyosagwa na kuwekwa mahali palipoathirika, kwa maelekezo ya daktari, hupunguza harufu hiyo. Ikipungua, huenda wageni wakasogea tena kitandani, na jibu la swali la kama ana amani likabadilika bila kuongezwa tone la mofini.

Jambo la mwisho kwako: ajibu mgonjwa mwenyewe. Mtoto wa kiume anayesimama miguuni pa kitanda na kusema “mama anaendelea vizuri, ila hali chakula” anakueleza hofu yake mwenyewe, nayo iandikwe mahali pake, kwenye yale maswali matatu ya ndugu.

SWALI: Assalamu alaykum, mama. Baba yetu ana saratani ya ini na madaktari wamesema haitapona. Kaka mkubwa amewaomba wasimwambie, wakakubali. Sasa amekuja muuguzi wa tiba shufaa anayetaka kumhoji baba peke yake kuhusu mahitaji yake, na kaka amekataa, akisema baba atakufa kwa mshtuko kabla ya ugonjwa. Baba kila siku anauliza kwa nini harudishwi Lamu. Nani ana haki hapa? — Binti wa mgonjwa, Mombasa

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, wakimlenga mgonjwa. Kwenu anayefichwa maradhi ni mgonjwa mwenyewe, na mzee anayeuliza kila siku kwa nini harudishwi kwao anajua mengi kuliko mnavyodhani. Kaka yako anafanya hayo kwa mapenzi, nami simlaumu, lakini anamnyima baba yake nafasi ambayo haitarudi. Mtu mzima ana madeni anayotaka kuyalipa, amana za watu, wasia wa kuandika, watu wa kuwaomba radhi na pengine pahali anapotaka kuzikwa. Hayo hawezi kuyatengeneza akiwa anaambiwa kwamba wiki ijayo atapata nafuu.

Mwambieni kaka kwamba muuguzi mwenye mafunzo haingii chumbani na tangazo. Huanza kwa kumuuliza mgonjwa anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake. Kisha humuuliza kama ni mtu wa kupenda kuelezwa kila kitu, au angependa mambo hayo azungumziwe na mmoja wa watoto. Wapo wazee wanaojibu, “Zungumzeni na mwanangu, mimi nimemwachia Mungu.” Akijibu hivyo, jibu lake liheshimiwe na liandikwe kwenye faili, kwa sababu kutokuambiwa ni haki yake anapoichagua yeye. Akijibu kwamba anataka kujua, basi ajue, polepole, kwa kiasi anachouliza, na kaka awe amekaa pembeni yake kama baba ataridhia.

Ningeomba pia huyo muuguzi amhoji kaka mwenyewe. Majonzi hayangoji mtu afe. Mwana anayezuia wauguzi mlangoni, asiyelala, anayegombana na madaktari na kukataa hata neno “saratani” kutamkwa, ameshaanza kufiwa. Aulizwe anaogopa nini hasa. Mara nyingi hujibu kwamba hajui atafanya nini baba akianza kuhema vibaya nyumbani usiku, na hilo ni jambo linalofundishika. Mkielezwa mapema dalili zitakazokuja, dawa za kuwa nazo na namba ya kupiga, safari ya Lamu yenyewe huenda ikawezekana.

SWALI: Habari za kazi, dada mshauri. Ni tabibu katika kituo cha afya. Amekuja mjane aliyefiwa miezi mitatu iliyopita. Halali vizuri, amekonda, na anasema jioni husikia sauti ya marehemu ikimwita uani. Mama mkwe anataka apewe dawa za usingizi. Mwenzangu anasema ni sonona au ameanza kuchanganyikiwa. Tuna fomu za kupima presha na sukari, ila hatuna namna ya kupima majonzi. Nitajuaje yapi ni ya kawaida? — Tabibu, Shinyanga

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kuandika dawa. Kusikia sauti ya marehemu, kumwona kwa kupepesa jicho mlangoni au kunusa nguo zake ukahisi yupo ni mambo yanayowatokea wafiwa wengi wenye akili timamu. Muulize tu kama sauti hiyo humwamrisha kujidhuru na kama anajua kwamba mumewe amefariki. Akijua, na kama sauti humliwaza au humsikitisha bila kumwamrisha, hilo si wazimu.

Kuhusu muda, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuainisha magonjwa, toleo la 11, ulioanza kutumika rasmi Januari 2022, unatambua maradhi ya majonzi yanayorefuka pale tu ambapo angalau miezi sita imepita, simanzi bado ni kali mno na inamzuia mtu kuendesha maisha yake, na hali hiyo imevuka wazi mipaka ya mila na dini ya jamii yake. Madaktari wa akili wa Marekani wao husubiri miezi 12 kwa mtu mzima. Hicho kipengele cha mila na dini kina uzito kwetu. Mwanamke wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na huwezi kumhesabia kujitenga kwake ndani ya eda kuwa dalili. Kwingine kuna matanga, kunyoa, arobaini na kuanua. Kwa hiyo muulize mjane wako yapi yalifanyika na yapi hayakufanyika, maana msiba uliokatizwa, kwa kukosa fedha au kwa ugomvi wa ndugu, humwacha mfiwa akining'inia.

Wauguzi wengi walifundishwa hatua tano za majonzi, nao humngoja mfiwa azipite moja baada ya nyingine. Hatua hizo zilielezwa na daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakifa wenyewe, na hazikukusudiwa kuwa fomu ya kumpimia mjane. Ninaona manufaa zaidi katika maelezo ya watafiti wa majonzi Stroebe na Schut ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, leo analia kaburini, kesho anahesabu mbegu za kupanda, na mwendo huo ndio afya yenyewe. Wa kumwangalia ni yule aliyeganda upande mmoja, ama analia tu asiweze hata kumpikia mtoto, ama anafanya kazi usiku na mchana na hataki jina la marehemu litajwe.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya nusu saa, mwache akusimulie jinsi mumewe alivyokufa. Kisha muulize yaliyofuata, kwani majonzi ya mjane mara nyingi yamefungamana na shamba, nyumba na watoto, na asiyelala huenda halali kwa sababu shemeji ameshapima mipaka ya kiwanja. Hapo rufaa yake ni kwa ofisa ustawi wa jamii au msaada wa kisheria, wala si duka la dawa. Muulize kuhusu chakula, pombe na nani analala naye nyumbani. Muulize wazi kama amewahi kutamani kufa au kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo jipya, humpa ruhusa ya kusema lililokuwa likimsonga. Akikiri kwamba ana mpango, asirudi nyumbani peke yake siku hiyo.

Dawa za usingizi mkatalie mama mkwe kwa upole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unasema dawa za jamii ya diazepamu wasipewe wafiwa wasio na ugonjwa wa akili. Hili linahusu pia ile desturi mbaya ya kumchoma sindano ndugu anayepiga mayowe wodini baada ya kupewa habari ya kifo. Mpatieni chumba, kiti, maji na mtu wa kumshika. Mayowe ni kilio, na kilio hakihitaji kutibiwa.

Nikuongezee kundi ambalo vituo vya afya hulikosa kabisa: wale ambao jamii haiwahesabu kuwa wafiwa. Mtafiti wa majonzi Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu majonzi yasiyotambuliwa, na kwetu mifano ni tele: mwanamke aliyeishi na marehemu bila ndoa, mke mdogo aliyezuiwa kufika msibani, na hasa mama aliyejifungua mtoto mfu. Huyu mama mara nyingi hakai matanga, mtoto huzikwa haraka na wanaume, naye hulazwa wodi moja na wanawake wanaonyonyesha. Kabla mtoto hajaondolewa, muulizeni kama anataka kumwona na kumshika, bila kumlazimisha. Mlazeni mbali na vitoto vichanga kama kuna nafasi. Na mwambieni, kabla hajaruhusiwa, kwamba siku ya tatu hivi maziwa yatajaa na matiti yatauma, mkimweleza namna ya kuyatuliza. Wengi hawakuambiwa, wakajikuta nyumbani kanga imelowa mbele ya wageni.

SWALI: Bibi yangu alipata kiharusi, hasemi. Wauguzi wanadai haumwi kwa sababu halalamiki. Je, kuna njia ya kujua? — Mjukuu, Tanga

JIBU: Ipo. Kwa asiyeweza kusema hutazamwa pumzi, sauti, uso, mwili, na kama anatulizika anapobembelezwa au kuguswa. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2, jumla yake ikafika 10. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya wazee waliopoteza kumbukumbu, na watoto wachanga wana chao kinachofanana nacho. Mtazameni anapogeuzwa na anapooshwa, wala si anapolala tu. Wewe unayemjua uwaambie wauguzi namna uso wake ulivyokunjamana zamani alipoumwa jino, kwani hilo hawawezi kulijua.

SWALI: Mama mshauri, shikamoo. Nina miaka minne katika wodi ya saratani. Mwezi huu tumepoteza wagonjwa wengi, mmoja wao msichana niliyekuwa nikimsuka nywele. Nilijificha stoo nikalia, na mkubwa wangu akanikuta akaniambia muuguzi halii. Ni kweli? — Muuguzi, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si kweli, ingawa najua aliyekuambia hivyo naye aliambiwa hivyo. Muuguzi huyaahirisha machozi yake mpaka mgonjwa aliye mbele yake ahudumiwe, na hilo ulilifanya kwa kwenda stoo. Ninachotaka ujipime nacho ni hiki: je, unalala? Unamwota msichana huyo kila usiku? Umeanza kupita vitanda vingine haraka ili usimzoee mgonjwa mwingine? Unawafokea ndugu? Umeanza kuongeza pombe au vidonge? Mawili au matatu kati ya haya yakidumu kwa wiki kadhaa, tafuta mshauri nasaha nje ya wodi yenu, mtu asiyekupangia zamu.

Kwa wodi nzima, mwombe muuguzi kiongozi atenge dakika kumi za makabidhiano ya asubuhi, mara moja kwa wiki, mtaje kwa majina wagonjwa mliowapoteza, na kila mtu aseme kilichokwenda vizuri na kilichomuuma. Ruhusa ya kwenda mazishini isinyimwe kwa anayetaka kwenda, wala asilazimishwe asiyetaka. Na ndugu za yule msichana wakirudi kuchukua karatasi zao, kama hukuwaona siku ya kifo, toka uwape pole wewe mwenyewe. Waulize pia mama yake anaendeleaje, uandike jibu lake kwenye faili kabla halijafungwa, kwa kuwa hiyo nayo ni sehemu ya upimaji, na huenda ikawa ndiyo mara ya mwisho hospitali kumuuliza.